Namba moja bila kombe, bingwa bila namba: hesabu za Kim Clijsters

Orodha ya viwango vya tenisi ya wanawake ya tarehe 14 Septemba 2009 ina mambo mawili yanayomchanganya mtu. Kileleni yupo Dinara Safina wa Urusi, namba moja wa dunia, ambaye katika mchezo wa mmoja mmoja hajawahi kubeba hata kombe moja kati ya yale manne makubwa yanayoitwa Grand Slam: Australian Open ya Melbourne, French Open ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya New York. Ukishuka mpaka nafasi ya 19 unamkuta Mbelgiji Kim Clijsters, ambaye usiku uliotangulia alikuwa New York amelikumbatia kombe la US Open. Katika orodha iliyotangulia hiyo, jina la Clijsters halikuwa la 20, wala la 200, wala la 1,000. Halikuwamo kabisa.

Mtu aliyezoea jedwali la ligi ya mpira akiona hivyo atadhani karani kakosea. Hakuna aliyekosea. Na kinachonivutia zaidi ni kwamba Clijsters huyuhuyu, miaka sita nyuma, alikalia kiti kilekile cha Safina: namba moja wa dunia bila kombe kubwa la mmoja mmoja. Ameishi pande zote mbili za fumbo hili, na ndiyo maana safari yake inafaa kulifumbulia.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1983 Bilzen, mkoa wa Limburg, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi. Msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, ambaye Ubelgiji ulimfikia kwa Kifaransa, anaweza kusahau kwamba zaidi ya nusu ya Wabelgiji wana lugha nyingine nyumbani kwao. Mpinzani wake mkubwa, Justine Henin, alitoka upande wa pili, Liège, kwa Wabelgiji wa Kifaransa. Wawili hao walipishana mwaka mmoja tu kwa umri, wakakutana kwenye fainali tatu za Grand Slam, na zote tatu alishinda Henin.

Baba yake Kim, Lei Clijsters, alikuwa beki wa KV Mechelen, timu iliyotwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1988. Mama yake, Els, alikuwa mwanajimnastiki. Ukimwona Kim akicheza, huhitaji kuambiwa nani alimpa nini. Alikimbia kama beki anayemfukuza winga, na mpira ulipokuwa mbali kabisa pembeni alipiga msamba palepale kwenye sakafu ngumu, akaurudisha, kisha akasimama kama mtu aliyekuwa amechuchumaa kuokota ufunguo. Wachezaji wengi huteleza namna hiyo kwenye udongo mwekundu, ambako vumbi linasaidia. Yeye alifanya hivyo kwenye uwanja mgumu, na gharama yake aliilipa mwilini.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana bila hizo habari yote inabaki kizungumkuti.

Ligi ya mpira ina msimu. Timu zote zinaanza na sifuri, zinamaliza, bingwa anavishwa medali, jedwali linafutwa. Orodha ya tenisi haina msimu wala haifutwi. Inaangalia wiki 52 zilizopita, na mashindano ya wiki yakiisha inapigwa hesabu upya. Pointi ulizovuna wiki kama hii mwaka jana zinadondoka, zinaingia ulizovuna sasa. Ni kikapu chenye tundu chini: unajaza juu, kunavuja chini. Ndiyo maana utasikia watangazaji wakisema mchezaji fulani ana pointi nyingi za kutetea. Maana yake ni kwamba mwaka jana alifanya vizuri hapo, na asipofanya vizuri tena atashuka, hata kama hakuna mtu aliyempiga vibaya.

Halafu kuna uzito wa mashindano. Mwaka huo wa 2009 bingwa wa Grand Slam alipewa pointi 2,000 na aliyefungwa kwenye fainali 1,400, wakati bingwa wa mashindano ya daraja la chini alipata 280. Tazama namba hizo vizuri. Aliyefungwa fainali mbili kubwa ana 2,800. Aliyebeba kombe moja kubwa na kutolewa raundi ya kwanza kwingine kote ana 2,000 na vichele. Orodha itamweka juu yule wa kwanza, na kwa kazi iliyopewa orodha hiyo, iko sahihi. Inapima nani amekuwa hatari mwaka mzima. Nani alikuwa bora siku ya fainali ni swali lingine, na jibu lake limeandikwa kwenye kombe.

Wapenzi wa mpira wameshaliona jambo hili bila kulipa jina. Timu ya taifa ya wanaume ya Ubelgiji ilikaa namba moja kwenye viwango vya FIFA kuanzia 2018 hadi 2022 bila kuwahi kubeba Kombe la Dunia wala la Ulaya. Vijana wa barazani wakacheka, wakasema viwango vya FIFA ni porojo. Ubelgiji walikuwa wameshapitia kejeli hizo miaka 15 nyuma, kwa binti mmoja wa Limburg.

Tarehe 11 Agosti 2003 Clijsters alipanda kileleni. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kufika pale bila kombe la Grand Slam la mmoja mmoja. Aliyeondolewa kileleni ni Serena Williams, ambaye katika miezi 12 hiyo alikuwa amebeba makombe matatu kati ya manne: US Open 2002, Australian Open 2003 na Wimbledon 2003. Kwa macho ya kawaida ni dhuluma. Ila Serena alikuwa akicheza mashindano machache, na mwanzoni mwa Agosti alifanyiwa upasuaji wa goti akawa nje mwaka wote uliobaki. Clijsters alikuwa hapumziki. Novemba 2002 alimfunga Serena mwenyewe kwenye fainali ya mashindano ya kufunga mwaka kule Los Angeles. Mwaka 2003 akafika nusu fainali Australia, fainali Paris, nusu fainali Wimbledon, na katikati akaokota Sydney, Indian Wells, Rome, Stanford na mengine. Hadi mwaka unaisha alikuwa na makombe 9 ya mashindano mbalimbali, ameshinda mechi 90 na kupoteza 12. Na hapo sijagusa mchezo wa wawili wawili, ambako yeye na Mjapani Ai Sugiyama walibeba French Open na Wimbledon mwaka huohuo, naye akawa namba moja huko pia.

Kuna mtu atasema: sawa, lakini nafasi ya kumaliza ubishi alikuwa nayo. Kweli, na alikuwa nayo zaidi ya mara moja. Nusu fainali ya Australia 2003 aliongoza 5–1 katika seti ya mwisho dhidi ya Serena, akapata pointi mbili za kumaliza mechi, akafungwa. Paris 2001, akiwa na miaka 18, alimpeleka Jennifer Capriati hadi 12–10 katika seti ya tatu ya fainali, akafungwa. Kisha zikaja fainali tatu za Henin: Paris 2003, New York 2003, Melbourne 2004. Fainali nne za mwanzo, nne zote kapoteza. Kwa maoni yangu hapo ndipo kejeli zilipokuwa na mashiko kidogo. Orodha ilikuwa haidanganyi, lakini kulikuwa na kitu ambacho orodha ilikuwa haikipimi, na Henin alikuwa nacho. Kufikia tarehe 20 Oktoba 2003 alikuwa amempokonya na namba yenyewe, akafunga mwaka akiwa wa kwanza na Clijsters wa pili.

Mwaka 2004 kifundo cha mkono wa kushoto kilimwangusha. Akafanyiwa upasuaji, akakaa nje miezi mingi, na kikapu kikavuja mpaka kikabaki na matone. Alipofika Indian Wells Machi 2005, jangwani California, alikuwa wa 133. Akalibeba kombe. Siku chache baadaye akaenda Miami akalibeba na lile, na kabla yake mwanamke pekee aliyewahi kushinda yote mawili mfululizo alikuwa Steffi Graf. Septemba mwaka huo, New York, akamtoa Venus Williams, akamtoa Maria Sharapova, kisha akamfunga Mary Pierce 6–3, 6–1 kwenye fainali. Kombe kubwa la kwanza likaja. Kwa kuwa alikuwa pia amekusanya pointi nyingi zaidi kwenye mashindano ya Marekani Kaskazini ya majira hayo ya joto, zawadi yake ya dola milioni 1.1 ilizidishwa mara mbili ikawa milioni 2.2. Mwisho wa Januari 2006 alikuwa namba moja tena. Kutoka nje ya 100 bora hadi kileleni ndani ya mwaka mmoja: hilo linawezekana kwa sababu tu orodha haikumbuki zaidi ya wiki 52. Kusahau kwake kunaumiza aliye juu na kumpa nafasi aliye chini.

Tarehe 6 Mei 2007 alitangaza kustaafu. Alikuwa hajatimiza miaka 24. Majeraha yalimchosha, na alitaka familia. Julai akafunga ndoa na Brian Lynch, mcheza mpira wa kikapu kutoka Marekani, na tarehe 27 Februari 2008 akajifungua binti, Jada.

Hapa watu wengi huchanganya mambo matatu ambayo hayafanani: kustaafu, kupumzika kwa jeraha au uzazi, na kuondolewa kwenye orodha.

Mchezaji aliye majeruhi au mjamzito, akitoa taarifa bila kustaafu, huweza kuwekewa nafasi yake ya zamani kama akiba. Akirudi anaitumia kuingilia kwenye mashindano kadhaa, ingawa kwenye orodha yenyewe ameshaporomoka. Aliyestaafu hana akiba hiyo. Ameondoka. Pointi zake zitavuja hata asipofanya kitu, na mwaka ukiisha hakuna kilichobaki. Au anaweza kuomba jina lifutwe mara moja, kama alivyofanya Henin tarehe 14 Mei 2008. Alikuwa namba moja wa dunia na zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya French Open, ambayo alikuwa ameibeba miaka mitatu mfululizo. Angenyamaza, jina lake lingekaa kileleni kwa muda huku mwenyewe akiwa nyumbani. Aliomba liondolewe, na wiki iliyofuata Sharapova akawa namba moja.

Basi Clijsters alipoamua kurudi mwaka 2009, hakuwa na namba ya aina yoyote. Januari mwaka huo alikuwa amempoteza baba yake kwa saratani. Alialikwa Wimbledon kucheza, mwezi Mei, mechi ya maonyesho ya kuzindua paa jipya la uwanja mkuu. Mazoezi aliyokuwa ameanza kwa ajili ya mwaliko huo yalimrudishia hamu, na tayari Machi alikuwa ameshatangaza kwamba anarudi rasmi.

Lakini mtu asiye na namba anaingilia mlango gani? US Open ina nafasi 128 kwa wanawake. Nafasi 104 zinachukuliwa moja kwa moja kwa kufuata orodha ya viwango, 16 zinagombewa kwenye mechi za mchujo wiki moja kabla, na 8 zilizobaki wanazigawa waandaaji wenyewe wanavyoona inafaa. Hizo 8 ndizo tiketi za mwaliko, ambazo wenye tenisi huziita waildikadi. Kwa kawaida wanapewa vijana wa nchi mwenyeji, na bingwa wa zamani anayerudi. Mchezaji wa kawaida huwekewa kikomo cha mialiko ya aina hiyo kwa mwaka. Waliowahi kubeba Grand Slam au kuwa namba moja hawana kikomo. Unaweza kuuita upendeleo na sitabishana nawe, ila mashabiki ndio wanaonunua tiketi za uwanjani, na waandaaji wanajua wanakuja kumwona nani.

Mwaliko unafungua mlango tu. Haukupi ulinzi. Wachezaji 32 wa juu hutawanywa kwenye droo ili wasikutane mapema, wengine wote wanaangukia popote kura itakapowatupa. Clijsters alikuwa miongoni mwa hao wa popote. Alikuwa amecheza mashindano mawili tu tangu arudi: Cincinnati, ambako alifika robo fainali akafungwa na Safina, na Toronto, ambako alitolewa na Jelena Janković raundi ya tatu. Kulikuwa na kanuni kwamba ili jina liingie kwenye orodha lazima mtu awe amecheza mashindano matatu. New York ndiyo ilikuwa ya tatu. Ndiyo maana alicheza US Open nzima akiwa mtu asiyekuwepo.

Raundi ya nne akakutana na Venus Williams. Matokeo yake ni kama mchezo wa kuigiza: 6–0, 0–6, 6–4. Robo fainali akamfunga Li Na wa China. Nusu fainali, usiku baada ya mvua kuharibu ratiba, akakutana na Serena.

Mwisho wa mechi ile watu wanausimulia vibaya mpaka leo, tuuweke sawa. Clijsters alikuwa ameshinda seti ya kwanza 6–4 na alikuwa mbele 6–5 katika ya pili. Serena ndiye aliyekuwa anaanzisha mpira, akiwa nyuma 15–30. Mpira wake wa kwanza ulitoka. Alipopiga wa pili, mwamuzi wa mstari akasema mguu umegusa mstari kabla ya kupiga. Kwa kuwa ulikuwa wa pili, ikawa pointi ya Clijsters: 15–40. Serena akamfuata mwamuzi yule kwa maneno makali huku ananyoosha raketi. Kosa hilo la nidhamu peke yake lingekuwa onyo. Lakini onyo alikuwa ameshalipata, alipovunja raketi mwishoni mwa seti ya kwanza, na kosa la pili adhabu yake ni kupoteza pointi. Pointi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mechi. Clijsters alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu, hajui kinachoendelea, mara anaona Serena anamjia kumpa mkono. 6–4, 7–5. Waliosema alipewa ushindi wanasahau kwamba alikuwa amebakiza pointi chache tu, na kwamba pointi nyingine zote alizipata kwa raketi.

Fainali, tarehe 13 Septemba, akamfunga Caroline Wozniacki 7–5, 6–3. Hakuna mwanamke aliyewahi kubeba US Open kwa tiketi ya mwaliko kabla yake. Na tangu Evonne Goolagong Cawley alipobeba Wimbledon mwaka 1980, hakuna mama aliyekuwa ameshinda Grand Slam ya mmoja mmoja. Jada, wa mwaka mmoja na nusu, aliletwa uwanjani akacheza kando ya kombe mbele ya dunia nzima.

Sasa ile nafasi ya 19 inaeleweka. Ni pointi 2,000 za New York na chache za Cincinnati na Toronto, kwa kazi ya wiki chache, zikipimwa na kazi ya miezi 12 ya wengine. Safina alikuwa kileleni kwa mwaka wake mzima. Clijsters hakuwa na mwaka, alikuwa na mwezi.

Alirudi kulitetea kombe hilo 2010, akamfunga Vera Zvonareva 6–2, 6–1. Januari 2011 akabeba na la Australia, kwa kumfunga Li Na baada ya kupoteza seti ya kwanza. Fainali nne za kwanza alizipoteza zote, nne za mwisho akazishinda zote. Tarehe 14 Februari 2011 akawa namba moja tena, mama wa kwanza kufika hapo tangu viwango vianze kupigwa kwa kompyuta mwaka 1975. Alikaa wiki moja tu. Aliyemtoa na kurudi kileleni ni Wozniacki, ambaye wakati huo hakuwa na Grand Slam hata moja, na bila shaka alikuwa anaulizwa maswali yaleyale ya 2003.

Kuhusu akina mama, kanuni zimebadilika tangu hapo. Serena alipojifungua na kurudi mwaka 2018, alicheza French Open bila kuwekwa kati ya wale 32, kelele zikapigwa. Mwisho wa mwaka huo WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, ikapanua haki: anayetoka uzazini anaweza kutumia nafasi yake ya zamani hadi miaka mitatu tangu kujifungua, na kama nafasi hiyo ingemweka kati ya wanaolindwa, hatakutanishwa na mmoja wao raundi ya kwanza. Clijsters hakuwa na kitu cha namna hiyo.

Alistaafu tena US Open 2012, baada ya kufungwa na Laura Robson wa Uingereza aliyekuwa na miaka 18. Kichapo hicho kilikata mfululizo wa mechi 22 alizoshinda pale, akianzia 2005, maana miaka mingine yote katikati hakucheza. Akazaa watoto wengine wawili, akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Tenisi mwaka 2017, kisha, Februari 2020, akiwa na miaka 36, akarudi kwa mara ya tatu, tena kwa mialiko. Korona ikaja katikati. Mechi za mmoja mmoja alizocheza ni tano, Dubai, Monterrey, New York, Chicago na Indian Wells, na zote alifungwa. Tarehe 12 Aprili 2022 alitangaza kwamba amemaliza. Ile ya mwisho, Oktoba 2021, aliipoteza kwa seti tatu mbele ya Kateřina Siniaková, kwenye viwanja vilevile vya jangwani ambako mwaka 2005 aliingia akiwa wa 133 akatoka na kombe.